Jina Nililoliandika Kichwa Chini

Salma amenitaka niandike. Anasema vijana wanaoingia siku hizi kwenye karakana yetu ya Kizota wanaijua kompyuta vizuri, lakini ukiwapa brashi wanaishika kama kijiko. Nikamwambia mimi nimeandika maisha yangu yote, ila maneno mawili matatu kwa wakati mmoja: Duka la Dawa. Mbwa Mkali. Usikojoe Hapa. Haya ya kurasa nzima ni mageni kwangu. Akanijibu, "Basi mzee Yona, fanya kama unaandika mabango mengi yaliyofuatana."

Haya, nawaandikia. Vyeo sina vya kuwasimulia. Fundi wa maandishi akianza anaitwa fundi, akizeeka anaitwa mzee fundi, katikati hapana kitu. Nimestaafu kwa sababu mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka, na mkono ukitetemeka herufi O inakuwa kiazi. Nitawaeleza nilivyofundishwa kazi, na nitawaeleza zaidi habari za jina moja, Neema. Hilo nimeliandika kwenye kuta, malori, mashine za kusaga na misalaba ya makaburi. Mke wangu naye aliitwa Neema. La kwake ndilo lililonishinda, kaburi lake likakaa muda mrefu bila jina huku mimi nikiishi kwa kuandika majina ya watu. Nitafika huko. Kwanza kazi.

Nilifika kwa Mzee Shabani nikiwa kijana mwembamba kutoka upande wa Mvumi, nimemaliza shule ya msingi, nina mwandiko mzuri na sina kingine. Mzee Shabani alikuwa mtu wa mjini hasa. Babu yake alifika Dodoma na misafara ya biashara kutoka pwani, akachoka kutembea, akaoa, akabaki. Mzee mwenyewe alikuwa na kofia safi isiyoguswa na tone la rangi, na koti ambalo ungeweza kuhesabu juu yake kila rangi iliyowahi kuuzwa mjini. Banda lake lilikuwa Kizota, limebanwa kati ya fundi wa kuchomelea na seremala. Mmoja alitupa cheche, mwingine alitupa vumbi la mbao, na sisi katikati tulikuwa na tapentaini. Jinsi tulivyoishi bila kuungua Mungu anajua.

Siku ya kwanza hakunipa brashi. Alinituma machinjioni nikalete sikio la ng'ombe. Nilidhani mzee anataka supu, nikachagua lenye nyama. Alilitazama, akatikisa kichwa, akaanza kunyofoa manyoya ya ndani ya sikio, moja moja, akayapanga juu ya gazeti kwa urefu wake. Kisha akayafunga kwa uzi, akayapachika kwenye kijiti. Ile ndiyo brashi ya kuandikia. Mimi ni Mgogo, nimekua nikichunga ng'ombe, nimewashika masikio tangu sijaota meno ya mbele ya pili, lakini sikuwahi kujua kwamba ndani ya sikio lile kuna mstari mwembamba wa herufi S. Mpaka leo brashi za dukani hazijanishawishi.

Kitu cha pili alichonipa ni mkongojo. Ninyi mmeuona umening'inia pale mlangoni na wengine mnadhani ni wa kufukuzia mbuzi. Ni fimbo yenye kitambaa kilichoviringwa kichwani. Unaishika kwa mkono wa kushoto, kichwa chake kinagusa ubao, na mkono wa kulia unaegemea juu yake ukiandika. Mzee Shabani aliuita mkongojo kwa sababu, alivyosema, mkono wa binadamu ni mzee tangu unazaliwa.

Cha tatu kilikuwa upepo. Hapa kwetu upepo unaamka baada ya chai ya asubuhi na unakuja na udongo wake. Rangi ya mafuta ikiwa mbichi inaukaribisha. Tuliandika mapema, jua likiwa bado la kirafiki, na saa ya upepo tukaingia ndani kupiga msasa mbao. Hata hivyo hakuna bango la Dodoma lisilo na mchanga ndani yake. Ukipitisha kidole kwenye kazi zangu za zamani, zile chache zilizobaki, utausikia.

Nimelieleza hili ili muelewe kwamba Mzee Shabani hakuwa mtu wa mambo ya hewani. Kila alichosema kilikuwa na kazi. Ndiyo maana siku niliposikia kanuni yake kubwa nilishangaa. Alikuja mama mmoja wa Makole, Bi Mwanaidi, mpishi wa wali ambaye harufu ya jiko lake ilikuwa inafika stesheni. Anataka ubao uandikwe Mgahawa wa Neema. Mimi nikachukua chaki haraka. Mzee akanishika mkono.

"Neema ni nani, mama?" akauliza.

"Binti yangu."

"Na jina limetoka wapi?"

Bi Mwanaidi akamtazama kama anayeulizwa umri. Lakini akakaa kwenye kopo la rangi, akaeleza. Baba yake alikuwa anafundisha watoto Kurani, na alikuwa anapenda kuwaambia kwamba neema ni neno lililokuja na Kiarabu, maana yake ni kila kitu Mungu alichokupa kabla hujaomba: pumzi, macho, maji ya kunywa. Binti alipozaliwa yule babu alikuwa ameshapofuka. Akampapasa uso mjukuu wake, akasema macho yangu yamerudi, huyu ni Neema.

Mama alipoondoka nilimwuliza mzee, habari zote hizo za nini na ubao ni mdogo vile? Akasema, "Herufi haina sura mpaka jina liwe na mtu. Ukiandika jina usilolijua, umechora mistari tu." Akaandika herufi za duara, laini, kama zinazopapaswa. Kanuni ilikuwa hiyo: usiandike jina la mtu mpaka uulize ni la nani na limetoka wapi.

Mtadhani wateja walikasirika. Wachache sana. Watu wanapenda kuulizwa jambo hilo, ila hakuna anayewauliza. Na jina Neema ndilo lililonifundisha zaidi, kwa sababu kila aliyelileta alilitoa mahali pengine. Dereva mmoja alitaka liandikwe juu ya kioo cha lori lake. Binti yake alizaliwa baada ya yeye na mkewe kukaa miaka mingi bila mtoto, mpaka majirani wakachoka kuwahurumia. Yeye alikuwa mtu wa kanisani, na kwake neema ilikuwa kile usichostahili, usichoweza kukilipia, unapewa tu. "Mimi sikuwa mtu mwema, fundi," akaniambia, "kwa hiyo jina jingine lisingefaa." Baadaye akaja mkulima kutoka upande wa Kongwa mwenye mashine ya kusaga. Yeye hakutaka habari za msikiti wala kanisa. Mwanawe alizaliwa mwaka ambao uwele ulijaa mpaka wakakosa pa kuuweka, na mwaka uliotangulia walikuwa wamekula mbegu. Kwake neema ni tumbo kushiba. Mzee Shabani alimwandikia herufi nene, zenye tumbo, na yule mkulima akacheka mwenyewe alipoziona.

Alikuja pia mwenye saluni, dada mmoja mcheshi, ambaye yeye mwenyewe ndiye Neema. Akasema wazazi wake hawakuwa na maana yoyote vichwani. Mama yake alizalishwa na nesi mpole aitwaye Neema, akamwambia nesi, huyu ni wa kwako. "Na yule nesi jina lake lilitoka wapi?" mzee akauliza. "Ee babu," akasema, "na mimi niliwahi kumwuliza. Naye alipewa jina la nesi." Tulicheka mpaka mchomeleaji akazima mashine yake aje kusikia.

Kulikuwa na bwana mmoja tu aliyerudishwa nyumbani. Alitaka jina la binti yake kwenye kibanda, lakini alipoulizwa limetoka wapi akasema mkewe ndiye aliyechagua, yeye hajui. Mzee akamwambia nenda kaulize, ubao utakusubiri. Akaondoka anasonya. Kesho yake akarudi na sauti ya chini. Jina lilikuwa la dada wa mkewe aliyekufa akiwa mdogo, na mkewe hakuwahi kumtajia kwa sababu hakuwahi kuulizwa. Nakumbuka alisimama akitazama chini wakati tunaandika. Na mimi nikajiambia, nikioa nitauliza siku ya kwanza.

Niliuliza. Sikilizeni ilivyokuwa.

Mzee Shabani aliugua mguu, na kazi ikaja kutoka Mtera, bwawani. Mvuvi mmoja ana mtumbwi mpya, anataka uandikwe jina. Nikatumwa peke yangu kwa mara ya kwanza, na makopo mawili, mkongojo, na brashi zimefungwa kwenye kanga ya mke wa mzee. Mimi mtu wa Mvumi, maji mengi niliyowahi kuona ni ya lambo la kunyweshea ng'ombe. Nilipofika kwenye ukingo wa bwawa nilisimama tu. Miti mikavu ilikuwa imesimama katikati ya maji na ndege juu yake, na ng'ambo hukuoni vizuri. Niliogopa, lakini niliogopa kwa kufurahi.

Mtumbwi ulikuwa umelazwa mchangani, na mwenyewe alikuwa anaondoka kwenda mnadani na matenga ya samaki. Nikamwamkia. Nikamwuliza jina. "Neema," akasema. Neema ni nani? Akanijibu kwa haraka huku anafunga kamba, "Neema ni Neema, kijana, andika," akapotea. Kanuni ya mzee ikabaki hewani. Nikageuka, na pale kwenye kichanja cha kukaushia samaki palikuwa na msichana anageuza samaki na kunitazama kwa pembe ya jicho.

"Wewe ndiye Neema?" nikamwuliza.

Akageuza samaki mwingine. Kisha akasema, "Ndiyo. Ni mimi."

Nikaona jibu limejileta lenyewe. Nikapiga msasa, nikapiga uzi wa chaki kupata mistari, nikaanza. Vijana, jina Neema lina mtego wake, naomba mlikumbuke hili hata kwenye kompyuta zenu. Zile E mbili za katikati zikilingana kabisa zinaonekana kama ngazi. Ya pili ibane kidogo, jicho halitagundua ila litapumzika. M ipe nafasi, na A isukume karibu na M isije ikaonekana imeachwa nyuma. Niliyafanya yote hayo. Sijawahi kuandika vizuri vile. Msichana alisogea akasimama nyuma yangu, akatazama mpaka mwisho, mkono mdomoni, mimi nikidhani anastaajabu ufundi.

Mwenye mtumbwi, ambaye kumbe ndiye baba yake, akarudi na wenzake. Wakaushika mtumbwi, wakaupindua, wakausukuma majini. Jina langu zuri likasimama kwa kichwa, miguu juu.

Mtumbwi ulikuwa umelazwa kifudifudi kwa ajili ya kuzibwa nyufa. Kwa mtu wa ng'ombe, kitu kilivyolala ndivyo kilivyo. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikujua kwamba kuna la kuuliza. Wavuvi walicheka mpaka mmoja akakaa majini. Yule msichana alicheka zaidi ya wote, machozi yanamtoka, na katikati ya aibu yangu nikawaza kwamba ningependa kusikia kicheko kile tena. Nikaomba nilifute niandike upya. Mwenye mtumbwi akautazama, akasema, "Acha hivyo hivyo. Samaki wako chini, watalisoma wao."

Mzee Shabani aliposikia akasema nilipaswa kuandika na bei ya samaki kabisa. Lakini aliniruhusu kurudi Mtera kurekebisha. Nilirudi mwezi uliofuata. Mvuvi akakataa, akasema mtumbwi wake sasa unajulikana bwawa zima. Nikarudi tena. Akakataa tena. Nilibeba kopo lile lile la rangi nyeupe kwenda na kurudi mpaka likakauka, na siku moja yule mvuvi akalifungua, akachungulia, akasema, "Kijana, hii rangi imekufa. Sema ulichokujia."

Kwao waliabudu kwa desturi za wazee wao, kanisa halikuwa limewafikia. Neema alibatizwa ili tufunge ndoa, na mwinjilisti alipouliza jina alilotaka akasema lile lile, Neema. Nyumbani kwao walimwita Nyemo, jina la Kigogo, ndiyo furaha. Sikulishangaa, wengi wetu tuna jina la nyumbani na jina la kutokea.

Usiku ule ule wa harusi, kama nilivyojiahidi, nilimwuliza. Jina lako limetoka wapi? Akasema siku aliyozaliwa mvua ilinyesha. Nikaridhika. Mwaka ukapita, nikamsikia akimweleza jirani kwamba jina ni la bibi mmoja aliyemlea mama yake. Nikamwuliza tena. Akasema, "Ah, hiyo nayo ni kweli." Mara nyingine lilikuwa la mwalimu. Mara nyingine lilikuwa la mkulima mmoja aliyewasaidia chakula wakati wa njaa, mwenye mke wa jina hilo. Nikirudi kutoka kazini na hadithi ya Neema mpya niliyemwandika, naye anatoa mpya ya kwake wakati anasonga ugali. Nilimwambia, mke wangu, utanifanya nivunje kanuni ya kazi. Siku moja alikuwa amekaa pale bandani ananitazama nikiandika lori, akasema, "Kwani wewe si ndiye uliyeliandika? Mimi unaniuliza nini?" Nikacheka nikachovya brashi.

Tulizaa binti mmoja, Esta, ambaye sasa yuko ofisini mjini. Mzee Shabani alifariki, mimi na mkewe tukagawana makopo, na mkongojo nikaachiwa mimi. Salma alikuja kujifunza akiwa binti mkaidi asiyekubali kuambiwa kitu mara mbili, leo karakana ni yake. Alipoleta mashine ya kuchapa stika nilinuna wiki nzima, kisha nikaenda kuitazama. Haikosei. Ndilo tatizo lake pekee. Serikali ikahamia huku, majengo yakaota, kila mtu anataka bango leo leo, na mashine ikawa inatoka jasho. Mimi nikabaki na wateja wa misalaba, matajiri wachache wa kizamani, na wenye mbuzi wa kuchomwa. Wote niliwauliza kwanza.

Neema aliugua kwa muda mfupi. Sina nguvu ya kulieleza hilo, na ninyi wengine mlikuwepo msibani. Siku ya mazishi mkono wangu haukuweza hata kushika kikombe. Salma akatengeneza jina la msalaba kwa mashine, kwa haraka, analia. Lilikuwa zuri. Jua la Dodoma likalinyanyua pembe moja, upepo ukamaliza kazi. Nilienda siku moja kumpalilia nikakuta msalaba mtupu.

Esta na mumewe wakalijengea kaburi saruji, wakaacha nafasi laini ya jina. "Baba," Esta akaniambia, "graniti siku hizi wanachonga kwa mashine, haibanduki. Sema tu, niagize."

"Nitaandika mwenyewe."

"Lini, baba?"

Yeye alidhani kinachonizuia ni mkono. Mkono nao ulikuwepo, sikatai. Lakini kila nilipochukua chaki nilimsikia Mzee Shabani: ni la nani, na limetoka wapi? La kwanza nalijua. La pili nilikuwa na majibu mengi mno, na aliyekuwa anayatoa hayupo tena. Niliandika majina ya watu wote kwa kanuni ile, halafu nimwandike yeye kwa kubahatisha? Nikawa nakwenda makaburini na kopo, nakaa, narudi na kopo. Miezi ikaenda. Esta akaacha kuniuliza, na hilo liliniuma kuliko alipokuwa akiuliza. Ndugu walikuwa wamepanga kukutana kaburini kumwombea, na ile nafasi ya jina bado tupu.

Nikapanda basi kwenda Mtera. Baba mkwe alishafariki siku nyingi. Aliyebaki ni dada yake mdogo, Bibi Sechelela, macho hafifu lakini ulimi mzima. Nilimkuta uani anaanika mlenda.

"Mbukwenyi, shangazi," nikamwamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa. Mkwe, umekuja na rangi?"

Wananikumbuka kwa hilo tu, hata leo. Nikakaa, nikapewa maji, tukamlilia marehemu kidogo kama ilivyo desturi. Kisha nikatoa la moyoni.

"Shangazi, Neema alipewa jina hilo na nani?"

"Neema yupi?"

"Mke wangu. Nyemo."

"Nyemo alipewa Nyemo na mama yangu. Kwa kuwa alizaliwa hakulia, alitazama tu."

"Ndiyo. Na Neema?"

Akaacha mlenda. "Neema ilikuwa mtumbwi."

Nikamwambia sijaelewa. Akanisogelea, akazungumza taratibu kama na mtoto. "Kaka alipata samaki wengi mwaka ule, akanunua mbao. Akasema mtumbwi huu ni neema. Hakuna mtoto aliyeitwa Neema hapa, mkwe. Hapakuwepo kabisa. Ukaja wewe na makopo yako, ukamwuliza binti wa watu, wewe ndiye Neema? Akakuitikia! Jioni tukamgombeza, mbona unamdanganya mgeni? Akasema, 'Alivyoniita, nimelipenda. Nalichukua.' Tukadhani mzaha. Mpaka kwenye maji ya ubatizo akalichukua."

Miaka yote ile niliyokula ugali wake. Nikauliza kwa nini hakuniambia, kwa nini wote hawakuniambia.

"Alitukataza," akasema Bibi Sechelela. "Alisema, 'Yona akijua, ataacha kuniuliza.'"

Nililia pale uani, mbele ya mlenda, na sioni haya kuliandika. Nilimtamani mke wangu siku ile kuliko siku ya mazishi. Nilitamani nirudi nyumbani nimkute jikoni nimwambie, nimelijua, mwongo mkubwa wewe, halafu nimwulize tena vile vile ili anipe jingine. Hadithi zake zote zilikuwa zawadi, na mimi nilikuwa nazipima kama fundi. Bado naamka asubuhi na swali mdomoni, na upande wa pili wa kitanda hamna wa kulijibu.

Juzi tulikwenda kaburini mapema, kabla ya upepo, mimi na Esta na Salma. Nilichukua brashi ya sikio la ng'ombe na rangi nyeusi. Mkono ulikuwa unacheza. Salma, ambaye ana mashine mbili na wafanyakazi, alipiga magoti kwenye vumbi akaushika mkongojo kwa mikono yote miwili ili usitikisike, kichwa cha fimbo kikiwa juu ya saruji. Nikachovya. Hapo akaniangalia.

"Mzee, kanuni," akasema. "Jina ni la nani?"

"La mke wangu."

"Na limetoka wapi?"

"Nililiandika kichwa chini, Mtera," nikamwambia. "Yeye akalisimamisha."

Salma akatikisa kichwa kukubali, nami nikaanza na N.